Katika Nyumba Isiyotupa Kitu

Jumatatu, 1 Septemba

Nimefika Kitale jana na leo nimeshakasirika. Acha niandike kabla hasira haijapoa, maana ikipoa nitajifanya mtu mwema.

Kevin mwanangu alinipigia simu akanisihi nije nikae nao mpaka mavuno yaishe. Ati Sandra ananiulizia sana. Sandra hajafikisha hata miaka miwili, hajui kuulizia kiatu chake. Lakini bibi ni bibi. Nilifunga nyumba yangu kule Kabuchai, kuku nikamwachia jirani, nikaja. Leo asubuhi ndipo nimeelewa. Yaya waliyekuwa naye ameachishwa tangu Agosti, na mimi, mwalimu mstaafu niliyefundisha nusu ya Kabuchai kusoma, ndiye yaya mpya. Bila mshahara.

Aliyepanga haya ni Chepkorir, mke wa Kevin. Nilipomuuliza hakuzunguka. "Ni kweli, Mama. Nilimwambia Baba Sandra akuambie mapema, akaogopa." Kisha akanieleza sababu, amesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Alikatiza masomo ya uuguzi akiwa amebakisha mwaka mmoja. Chuo kilimpa ruhusa ya miaka miwili. Januari hii asiporudi na karo mkononi, jina lake linafutwa, na akitaka tena itabidi aanze mwanzo. Kwa hiyo wanabana matumizi yote ya nyumba.

Nilisema sawa. Moyoni nilisema mwanamke aliyeolewa, mwenye mtoto, anatafuta nini tena darasani? Na Desemba tuna ukumbusho wa marehemu mume wangu, Eliakim, miaka miwili tangu atuache. Kevin ameahidi ng'ombe dume mbele ya ukoo mzima. Kama ni kubana, wabanie hilo kwanza.

3 Septemba

Sukari haiwekwi mezani. Anaitia mwenyewe kwenye sufuria, na ikishatiwa imetiwa. Mkate hakuna. Tunakula viazi vitamu.

4 Septemba

Viazi vitamu.

Jumapili, 7 Septemba

Nimekaa wiki nzima nikichunguza nyumba hii kama mkaguzi wa shule. Televisheni ipo lakini hailipiwi, imefunikwa kitambaa, na Sandra humwegemeza mwanasesere wake hapo. Nguo zote zinapigwa pasi mara moja, Jumapili jioni, ili tokeni za stima zisiishe ovyo. Sabuni ya mche inakatwa vipande vikiwa vibichi, vinapangwa juu ya kabati vikauke hadi viwe vigumu, ati hivyo haviyeyuki haraka. Mafuta ya kupikia hayanunuliwi ya kupimiwa dukani kila jioni. Wamenunua mtungi mzima pamoja na Phanice, jirani wa mlango wa pili, wakagawana. Unga wa pakiti haujulikani hapa. Mahindi yanaenda kusagwa.

Dawa ya meno ikiisha, Chepkorir huchukua mkasi akaupasua mfuko wake na kuufungua. Ndani kuna ya siku nyingine tatu. Mimi nimetupa mifuko hiyo miaka sitini!

Ni mkono wa birika, sina neno lingine. Kevin amekonda au ni macho yangu?

10 Septemba

Leo nilimbeba Sandra hadi kwa mama mandazi wa kona, nikanunua mandazi manne, tukala tumesimama nyuma ya kibanda kama wezi wa miwa. Nilifurahi sana.

11 Septemba

Sandra amesema "mandazi, Kukhu, mandazi" jana jioni yote, akininyooshea kidole mimi bibi yake. Nilitazama ukuta. Asubuhi ya leo kulikuwa na mandazi mezani, yaliyokaangwa nyumbani, makubwa kuliko ya kona, yana iliki. Aliamka mapema akayakaanga kabla ya kwenda kazini kwenye duka la dawa za mifugo. Aliniwekea matatu kwenye sahani yangu, akaniambia nikiona hamu ya kitu nimwambie, atatafuta namna.

Nilitaka kukasirika nikakosa pa kushikia.

15 Septemba

Mvua. Mahindi ya Ndalu, ekari mbili walizokodi, yamekauka shambani lakini hayavuniki.

19 Septemba

Maharagwe. Lazima niandike kuhusu maharagwe.

Jumatano niliona Chepkorir akiyachemsha kwa muda mfupi tu, halafu akaiepua sufuria. Nikajua leo tutakula mawe. Akaiingiza kwenye kapu kubwa lililojazwa matambara na blanketi kuukuu, akalifunika kwa mto, akaenda zake kazini. Nikamwambia Phanice kwamba mkaza mwanangu analaza maharagwe kitandani. Phanice akacheka, akasema ngoja. Mchana nilifunua. Yalikuwa yameiva kabisa, laini, mvuke unatoka, na jiko lilikuwa baridi tangu asubuhi. Na sisi miaka yote tumeketi jikoni mwetu Kabuchai, macho mekundu kwa moshi, tukiongeza kuni juu ya kuni.

Jioni nilimuuliza alifundishwa na nani. Akasema hakufundishwa, alisikia kwa mwanamke mmoja hospitalini akiwa mwanafunzi, akajaribu, mara mbili yakakataa, mara ya tatu akaongeza blanketi.

22 Septemba

Mvua tena.

Jumapili, 28 Septemba

Kuna jambo nililiona leo kanisani na limenisumbua. Nilifikiri mtu anayekata dawa ya meno kwa mkasi atakata na sadaka. Hakukata. Tuliporudi alimpelekea bibi mmoja mgonjwa wa mtaani maziwa, kikombe kizima, na ya Sandra hayakupungua. Nikaanza kukumbuka. Maziwa ya mtoto hayajawahi kupungua tangu nije. Dawa zangu za presha hununuliwa kabla hazijaisha. Kumbe kuna mahali kisu chake hakifiki.

Na kisu hicho kilianzia kwake. Phanice ndiye aliyeniambia. Chepkorir alikuwa na nywele ndefu, akisuka kila mwezi, msichana wa kupendeza. Siku waliyokubaliana kubana, yeye kwanza alienda kwa kinyozi akanyoa. Kisha ndipo akamwambia Kevin aache kupanda boda aende kazini kwa miguu. Wanaume wengi wangeambiwa na mtu mwenye nywele za kusukwa wangegoma.

4 Oktoba

Jua! Tumekwenda Ndalu sote. Nimekata mabua mpaka mgongo ukaniambia Rispah, wewe ni mstaafu.

9 Oktoba

Mvua imerudi kana kwamba ilisahau kitu. Mahindi yaliyokatwa yamesimamishwa shambani na maji yanayapita.

13 Oktoba

Mimi mwenyewe leo nilizima taa ya sebuleni iliyokuwa inawaka bure. Hakuna aliyeniona.

18 Oktoba

Vumbi la makaa ambalo kila mtu humwaga, Chepkorir huliweka kwenye gunia. Leo tulilikanda na udongo wa mfinyanzi na maji, tukafinyanga mabonge, tukayaanika chini ya ukingo wa paa. Sandra alijipaka uso wote. Tulicheka mno, na mikono yetu ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko. Nilimuuliza kama hachoki kufikiria kila kitu hivi, kila siku, hata vumbi. Akasema anachoka. Akasema kuna siku anatamani soda moja ya baridi mpaka machozi yanamlengalenga, halafu anajiona akiwa wodini na ile saa ya kifuani ya wauguzi, anaendelea.

Alisema hivyo akiendelea kufinyanga, na hakutafuta kuhurumiwa. Nimekaa na walimu wakuu, maafisa wa elimu, wachungaji. Sijui kama nimewahi kukaa na mtu mwenye moyo mgumu namna hii na ulimi mpole namna hii.

24 Oktoba

Mvua.

25 Oktoba

Mvua. Kwenye shamba la jirani kule Ndalu mahindi yameota yakiwa bado kwenye magunzi.

30 Oktoba

Tumepukuchua yaliyopona. Kevin alipeleka sehemu Moi's Bridge kwa wanunuzi. Walitia mkono kwenye gunia, wakasema yana maji, wakamtajia bei ya dharau. Alirudi nayo yote. Chepkorir alimtengea chakula, akakaa karibu naye, hakuuliza bei mpaka alipomaliza kula.

Nilijua bila kuambiwa. Mavuno haya hayawezi kubeba karo na ng'ombe pamoja. Nilijua, nikanyamaza. Nilijiambia vijana watajua la kufanya.

Jumapili, 2 Novemba

Leo ni aibu, na sijui bado ni ya nani.

Shemeji yangu Wanjala, mdogo wa marehemu, alikuja kutoka Kabuchai na wazee wawili wa ukoo kupanga ukumbusho. Chepkorir alichinja kuku, akapika ugali. Kila kitu kilikuwa kitamu. Wakala, wakala, na ugali ukaisha. Sahani ikabaki nyeupe, imelala katikati ya meza, wanaume watatu wa Kibukusu wakiitazama.

Asiyetoka kwetu hawezi kuelewa. Kwetu mgeni haondoi tonge la mwisho. Ugali lazima ubaki, hata kama watoto wataumalizia baadaye, ndipo mgeni ajue ameshiba na mwenyeji anacho cha kutosha. Sahani ikiisha kabisa, ni kama umemwambia akamalizie kwao. Chepkorir alikuwa amepima. Yeye hupima kila siku, watu wanne unga kiasi hiki, na hakuna kinachotupwa. Waliongezeka wageni watatu, akaongeza wa watatu. Sawasawa.

Wanjala alifuta mikono polepole. "Shemeji, huku Kitale ugali mnapima na kijiko?"

Nilimfuata Chepkorir jikoni, nikamgombeza kwa sauti ya chini, ile sauti ya darasani ambayo ni mbaya kuliko kupiga kelele. Hakulia. Alisema kwao, kwa baba yake huko Mlima Elgon, kumaliza chakula ndiyo heshima kwa mpishi, na kubakisha ni kumwambia hakijamfurahisha mtu. Akasema, "Nisamehe, Mama. Nilitaka kuwapa chote." Akatia maji kwenye sufuria nyingine apike tena.

Wazee walikula tonge moja moja la ule ugali wa pili, wakaubakisha vizuri, heshima ikarudi. Kisha wakatoa mipango yao. Ng'ombe dume. Hema mbili. Spika na jenereta. Fulana zenye picha ya marehemu kwa ukoo wote. Wapishi wa kukodi kutoka Bungoma mjini. Kila walipotaja kitu Kevin aliitikia kwa kichwa akasema sawa, Baba Mdogo. Nilimwangalia Chepkorir. Alikuwa mlangoni, amemshika Sandra, anasikiliza kwa makini kama mtu anayesomewa majibu ya hospitali.

3 Novemba

Leo asubuhi nilikuwa nyuma ya nyumba naanika nguo. Chepkorir alikuwa upande wa pili wa shuka, hakuniona, anapiga simu chuoni. Aliuliza kama anaweza kusogezewa hadi Septemba. Alisikiliza. Akasema, "Haya, asante, madam, nimeelewa." Akakata simu, akachukua ndoo ya maji ya kuoshea vyombo, akaenda kunyweshea sukuma wiki zilizo kwenye magunia, shina kwa shina, kama kila siku.

Sikuweza kumalizia kuanika. Niliingia ndani nikakaa.

8 Novemba

Ndalu na Kevin, tukiyageuza mahindi kwenye turubai. Tulikuwa wawili tu. Nilimuuliza moja kwa moja mkewe aliacha chuo kwa nini. Kabuchai nzima inasema ni mimba ya Sandra.

Kevin aliendelea kugeuza mahindi kwa mguu. Nikamwambia asimame aniangalie. Nimemzaa mimi, ninajua akinificha kitu.

"Si mimba, Mama," akasema. "Angejifungua akaendelea, wengi hufanya hivyo. Karo ndiyo haikuwepo. Tulilipia Baba hospitalini Eldoret."

Wakati ule, Eliakim alipokuwa anasafishwa damu kwa mashine kila wiki, mimi niliamini pesa ni mkopo wa Kevin kazini. Kevin ndiye aliyeniambia hivyo. Mkopo ulikuwepo, ulikuwa mdogo, uliisha mapema. Kilichofuata ilikuwa karo ya mwaka wa mwisho wa Chepkorir, ambayo baba yake mzazi, mzee Kipketer, aliuza ng'ombe kuipata. Chepkorir ndiye aliyetoa wazo. Alisema figo haziwezi kungoja na chuo kinaweza. Mzee Kipketer alikaa mwaka mzima bila kuongea na binti yake.

Niliuliza kwa nini sikuambiwa. Kevin akasema, "Alikataza. Alisema ukijua, hutaweza kumkaripia hata akikosea, na yeye anataka kuwa mtoto wako, siyo mtu anayekudai shukrani."

Nimeandika maneno hayo kama alivyoyasema. Miezi minne ile ya mwisho Eliakim alinishika mkono kila jioni. Alimtazama Sandra akiwa wa siku chache, akamwekea kidole kwenye shavu. Miezi hiyo nilidhani Mungu ametupa bure.

10 Novemba

Sijamwambia Chepkorir kwamba ninajua. Nimemsuka Sandra. Nimepika. Nimempa mama yake kiti changu cha karibu na jiko, akashangaa, akakikalia.

12 Novemba

Mvua. Kevin anatafuta mtu wa kumkopesha ng'ombe.

Jumamosi, 22 Novemba, Kabuchai

Nimekuja nyumbani peke yangu. Niliwaambia wale wa Kitale kwamba naja kuangalia kuku.

Ukoo ulikutana sebuleni kwangu. Wanjala alikuwa na karatasi yake na ameshaweka oda ya hema. Nilimwacha asome mpaka mwisho, halafu nikasimama. Nikasema hakuna ng'ombe, hakuna hema, hakuna fulana. Kutakuwa na maombi hapa uani, mchungaji atasema neno, tutakunywa chai, tutaimba, tutaenda kuweka maua, basi.

Palikuwa na kelele. Wanjala alisubiri ziishe. Si mtu mbaya, Wanjala. Alimpenda kaka yake. Alisema, "Shemeji, kila boma hapa limekumbuka mtu wake. Unataka waseme Eliakim alikufa kama mtu asiyezaa? Ni huyo msichana wa Kevin amekufundisha haya. Tuliona wenyewe alivyotupimia ugali."

Nikasema ndiyo, ni yeye amenifundisha. Nikawaambia maharagwe na kapu. Nikawaambia sabuni na vumbi la makaa na nywele alizonyoa. Mzee mmoja akaanza kucheka na hakuna aliyemfuata. Kisha nikawaambia mashine ya Eldoret ililipwa na nini, na ng'ombe wa nani waliuzwa, na kwa nini yule msichana hajawa muuguzi hadi leo.

"Eliakim alikula karo ya mtoto huyu akiwa mgonjwa, na hakujua," nikasema. "Tukimlisha mara ya pili akiwa kaburini, sisi tunajua. Huo utakuwa wizi, na mwizi atakuwa ni mimi."

Nilikaa chini. Wanjala aliikunja ile karatasi yake, mara moja, mara mbili, akaitia mfukoni. Kisha akauliza chuo kinafungua lini. Nikamwambia. Akasema yeye ana mahindi makavu, yaliingia ghalani kabla ya mvua, gunia tatu atazituma Kitale ziuzwe. Akasema ya hema atayamaliza yeye na mwenye hema. Akatoka nje akasimama karibu na kaburi la kaka yake, na nilimwacha huko.

Jumatatu, 24 Novemba, Kitale

Nimerudi leo. Kevin alikuwa kazini. Chepkorir yuko likizo, nilimkuta uani ameanika mahindi yaliyobaki kwenye turubai, anayachambua yaliyooza moja moja. Wingu lilikuwa limejikusanya upande wa Mlima Elgon na alikuwa ana haraka.

Nilimwambia nikiwa bado na mkoba mkononi. Nilimwambia hakuna sherehe, kutakuwa na maombi na chai. Nilimwambia Januari anaenda chuo na mimi siendi popote mpaka avae ile saa kifuani. Sikumshukuru kwa ya Eliakim. Nilitaka, maneno yalikuwa mdomoni, lakini nilikumbuka alichomwambia Kevin. Nilimwambia tu kwamba naijua habari ya Eldoret, na kwamba ugali wa wageni siku nyingine aongeze.

Aliacha kuchambua. "Na watu watasema nini, Mama?"

"Watasema mjane wa Eliakim amekuwa bahili," nikamwambia. "Na waseme. Waambie nimefundishwa na bingwa."

Alianza kucheka, na kicheko kikageuka katikati. Alikaa juu ya gunia akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu nimjue, na mimi nilikaa naye nikamshika, sikumnyamazisha. Mvua ilianza tukiwa pale. Mahindi tuliyafunika baadaye, yakiwa yameshalowa.